Mwenye Ukurasa Si Mwenye Video

Novemba 2019 wimbo wa Harmonize uitwao Uno uliondolewa YouTube baada ya mtayarishaji wa muziki wa Kenya, Magix Enga, kulalamika kwamba mdundo wake umetumika bila idhini. Mitandaoni watu wakagawanyika, huku wakimtetea huyu, huku yule, na baada ya vuta nikuvute wimbo ukarudi. Sikumsikia mtu akiwataja walioumia kimya kimya, yaani wenye blogu na tovuti za habari waliokuwa wameupachika wimbo ule kwenye kurasa zao. Hawakuiba wala hawakugombana na yeyote, na hawakufuta hata nukta. Waliamka tu wakakuta katikati ya habari zao kuna kisanduku cheusi kinachosema video haipatikani.

Aprili 2022 ikawa zamu ya Diamond Platnumz. Chaneli yake, ambayo video zake zilikuwa zimeshatazamwa zaidi ya mara bilioni moja, ilidukuliwa, YouTube ikaifungia, kisha ikarejeshwa. Kwa muda ule mfupi kila aliyekuwa ameandika habari ya Diamond na kuipachikia video alikuwa na maneno yanayosema "tazama hapa chini" na hapa chini hapakuwa na kitu.

Hapa kwetu Muheza, mkoani Tanga, hatuna Diamond wala Harmonize. Tuna walimu, makatibu wa vyama vya ushirika, maafisa habari, viongozi wa kwaya na maustadhi, na kila mmoja siku hizi ana ukurasa wake au anatafuta kijana wa kumtengenezea. Wote wanataka video iwemo. Mkutano wa wakulima wa machungwa, mahafali, Maulidi, ziara ya mkuu wa wilaya, yote lazima yaonekane yakitembea, picha ya mgando haimridhishi mtu tena. Nawaambia wapachike, na wapachike kwa moyo mkunjufu. Ninachowaomba ni kwamba wasijidanganye kuwa kile kilichoonekana kwenye ukurasa wao ni chao.

Anayetaka kulielewa jambo hili aende kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Mwenye kibanda ana mabenchi, televisheni, king'amuzi, na kijana wa mlangoni anayekusanya hela. Mechi si yake. Inachezwa Dar es Salaam, inarushwa na Azam, yeye anaipokea na kuwaonyesha watu. Mawimbi yakikatika dakika ya themanini, kelele zote anapigiwa yeye, ingawa hana uwezo wa kurudisha hata sekunde moja.

Na ukurasa ndivyo ulivyo. Chini ya video ya YouTube ukibonyeza Shiriki, halafu Pachika, unapewa msimbo mfupi wa kunakili. Ukiubandika kwenye ukurasa wako, video haihamii kwako. Inabaki kwenye kompyuta za Google. Ukurasa wako unatenga nafasi tu, na simu ya msomaji inakwenda yenyewe kuichukua video huko iliko na kuionyesha ndani ya nafasi hiyo. Mwenye video akiifuta, au akiifanya ya faragha, au akiondoa ruhusa ya kupachikwa (swichi hiyo anayo kwenye mipangilio yake), wewe huna pa kukata rufaa.

YouTube yenyewe ilikua kwa mtindo huu. Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim walipoianzisha mwaka 2005, watu wengi hawakuifuata kwake. Waliikuta kwenye kurasa za MySpace, mtandao uliokuwa ukitamba enzi hizo, ambako vijana walikuwa wakipachika video kwa fujo. Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, Google ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.65. Kwa hiyo wanaodhani kupachika ni kunyatia mali ya mtu wamekosea. Wenye mtandao ndio walioleta utaratibu huo, kwa sababu kila ukurasa unaopachika unawaongezea watazamaji bila wao kulipa senti.

Wizi wetu sisi uko kwingine. Kijana anaikuta video ya ngoma ya mselego iliyopigwa na mwenzake, anaipakua, anazikata sekunde za mwanzo zenye jina la mpigapicha, anaweka nembo yake kona ya juu, anaipandisha kwenye chaneli yake. Jioni iko kwenye makundi ya WhatsApp, na kesho yake iko kwenye statasi za watu wasiojua hata ngoma ile ilichezwa kijiji gani. Mpigapicha aliyepanda bodaboda hadi kijijini Bwembwera na kamera begani, akakesha kwenye umande, anakuja kuiona kazi yake ina watazamaji wengi kwa mwingine kuliko kwake. Ukimuuliza kijana, atakwambia ameisambaza ili ijulikane. Na hapo ndipo kupachika kunapokuwa adabu. Ukiipachika video ya mwenzako, kila anayeibonyeza kwenye ukurasa wako anahesabiwa kwa mwenyewe, jina la chaneli yake linaonekana juu ya picha, na anayetaka zaidi anaelekezwa kwake. Umepata cha kuwaonyesha wasomaji wako, naye hakupungukiwa na kitu.

Muheza tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Mbunge tuliyemchagua mwaka 2020, Hamis Mwinjuma, ambaye Februari 2023 aliteuliwa kuwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo, ndiye msanii Mwana FA. Kabla ya ubunge, yeye na msanii mwenzake AY waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo wakidai kuwa nyimbo zao, Usije Mjini na Dakika Moja, zimetumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kampuni ikakata rufaa na mabishano yakaendelea. Lakini siku ile ya hukumu ya kwanza, vijiwe vyote vya Tanga vilikuwa vikizungumzia hela, na ni wachache waliozungumzia hoja: kwamba kazi ya msanii ikitumiwa na mwingine kupata faida, msanii aulizwe kwanza. Wale wale waliomshangilia Mwana FA ndio hao wanaomkatia mpigapicha wa Bwembwera jina lake.

Mahakama za nje zimeshalijadili suala la kupachika mpaka limechakaa. Oktoba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya vichujio vya maji ya BestWater, ilisema kupachika video ambayo tayari iko wazi kwa kila mtu mtandaoni hakuhesabiki kuwa ni kuitangaza upya. Februari 2018 jaji mmoja wa New York akaamua kinyume kuhusu picha iliyopachikwa na vyombo vya habari, na mwaka 2023 mahakama ya rufani ya upande wa California ikarudi kwenye msimamo wa zamani kwamba mwenye kosa ni yule anayeihifadhi nakala. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, miaka sita kabla YouTube haijazaliwa. Imefanyiwa marekebisho, lakini mwenye akili hasubiri mahakama imfundishe kumtaja mwenye kazi.

Na asije mtu akadhani kwamba kwa kuwa video si yake, basi na lawama si yake. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotaka wenye blogu na televisheni za mtandaoni walipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi milioni moja ya leseni, kisha milioni nyingine kila mwaka, kanuni ambazo nafasi yake ilichukuliwa na mpya 2020, nazo zikarekebishwa 2022, anayechapisha amekuwa mtu wa kuulizwa. Ukipachika matusi ya mtu kwenye ukurasa wa chama cha ushirika, sioni ofisa atakayekubali jibu la "mimi nilibandika msimbo tu".

Ila linaloniuma zaidi ni bando.

Wanaotengeneza kurasa hukaa ofisini kwenye Wi-Fi, mbele ya kioo kikubwa. Wanaozisoma wako Magoroto na Amani, mtandao ukipanda na kushuka na kilima, na bando la siku wameliunga kwa hela ya nauli. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, nchi nzima ilipiga kelele mpaka zikasitishwa. Zilikuwa kelele za watu wanaozihesabu MB zao moja moja. Sasa mpe mtu huyo ukurasa wenye video nne zilizopachikwa. Hajabonyeza hata moja. Amekuja kusoma tangazo la mnada wa mkonge. Lakini kila kisanduku cha YouTube, kabla hakijaguswa, kinaagiza picha ya jalada, vitufe, na programu nzima ya kuchezeshea video; kisanduku kimoja tu kinaweza kula mamia ya kilobaiti, na ukurasa wenye vingi unavuka MB bila msomaji kujua. Maneno ya tangazo lenyewe hayafiki hata kilobaiti kumi.

Akibonyeza sasa ndiyo hatari. Video ikicheza kwa kiwango cha 480 hula karibu nusu GB kwa saa. Kwa 720 huweza kupita GB moja. Kwa hiyo hotuba ya dakika 12 kwa 480 ni kama MB 100. Mwenye duka la dawa huandika bei kwenye boksi. Mwenye ukurasa anashindwa nini kuandika mstari mmoja juu ya video, "Dakika 12, kama MB 100", ili mtu aamue mwenyewe aitazame sasa au asubiri bando la usiku? Sijaiona tovuti hata moja ya mkoa huu inayofanya hivyo, ya binafsi wala ya umma.

Zipo njia, na si za kitaalamu kiasi cha kuhitaji mtu kutoka Dar. Ya kwanza ni kuongeza maneno mawili ndani ya msimbo yanayoiambia simu isikiagize kisanduku mpaka msomaji akifikie kwa kuteremka. Mafundi wanayajua, loading na lazy, na hayalipiwi. Ya pili ni bora zaidi. Weka picha tupu yenye alama ya kucheza, na kisanduku chenyewe kiitwe pale tu mtu anapoigusa. Ya tatu ni ya kila mtu, usipachike video nne. Chagua moja iliyobeba habari, nyingine ziache kama viungo vya maandishi, anayezitaka atazifuata. Kupachika kila kilichorekodiwa ni uvivu wa kuhariri, na bili yake analipishwa msomaji.

Kuna kasoro nyingine ambayo nimeiona kwenye simu nyingi. Msimbo wa YouTube, ukiuchukua ulivyo, unakuja na vipimo vyake: upana 560, kimo 315. Vilipangwa kwa ajili ya kompyuta. Simu nyingi za hapa kwetu upana wake kwa vipimo hivyo ni kama 360. Matokeo yake video inatokeza nje kulia, ukurasa mzima unaanza kuyumba huku na huku unapoupitisha kidole, na uso wa mgeni rasmi unakatwa nusu, sikio na jicho moja viko ndani, vingine viko nje ya kioo. Mwenye ukurasa hajui, kwa sababu hajawahi kuufungua kwenye simu ya bei rahisi. Tiba yake ni kubadili upana uwe asilimia mia na kuacha kimo kifuate uwiano wa 16 kwa 9. Video zilizopigwa simu ikiwa imesimama, ambazo ndizo nyingi, uwiano wake ni kinyume cha huo, 9 kwa 16. Ukizilazimisha kwenye umbo la zamani zinakaa katikati nyembamba huku pande zote mbili zikiwa nyeusi. Ni jambo dogo mpaka siku wazazi watakapofungua ukurasa wa mahafali na kuona vichwa vya watoto wao ukubwa wa punje ya mchele.

Halafu video inapokwisha. Hapa ndipo ustadhi aliyepachika qaswida za wanafunzi wake anapostuka. Video ya dakika tano imemalizika, na palepale ilipokuwa ikicheza, ndani ya ukurasa wa madrasa, yanajitokeza mapendekezo ya nini kitazamwe baadaye. Zamani ungeweza kuyazima kabisa. Tangu Septemba 2018 huwezi. Unachoweza ni kuyabana yatoke kwenye chaneli ile ile. Matangazo yanayotangulia huyachagui hata kidogo. Yakija ya kamari, yamekuja. Kwa sababu hiyo madrasa, kwaya ya Magila, au shule inayopachika video za watoto ingefaa iwe na chaneli yake yenyewe, isitegemee video ileile kwenye chaneli ya mtu wa burudani, maana mapendekezo yatafuata ladha ya mwenye chaneli.

Na hili la faragha nilitaje kwa kifupi. Ukurasa unaoeleza dalili za kifua kikuu, ukiwa na video ya YouTube ndani yake, unaijulisha Google kwamba simu fulani imefika hapo. Ipo anwani mbadala ya kupachikia, youtube-nocookie, inayopunguza ufuatiliaji huo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Wenye zahanati na vituo vya afya waanze hapo, kabla hawajaulizwa.

Kuna wanaodhani video imemaliza kila kitu, na mimi siafikiani nao. Tuchukue ukurasa wa bwana shamba unaoeleza namna ya kutega inzi wa matunda, mdudu aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima wa maembe na machungwa. Anapachika video ya dakika ishirini, juu yake anaandika "Karibuni mtazame". Basi. Mkulima asiye na bando hana chake. Kiziwi hana chake. Anayetafuta kwenye Google "mtego wa inzi wa machungwa" hatauona ukurasa ule, kwa sababu hauna maneno ya kutafutwa. Na siku video ikiondolewa, ukurasa mzima umekufa, umebaki na "Karibuni mtazame". Angeandika aya tatu tu, mtego unatengenezwa kwa chupa gani, chambo kinawekwaje, unaning'inizwa upande gani wa mti, video ingekuwa nyongeza ya kuonyesha mikono inavyofanya. Video ikiondoka, mkulima angebaki na kitu.

Inawezekana pia kumpeleka mtazamaji moja kwa moja kwenye dakika inayohusika. Kikao cha baraza la madiwani kinachukua saa tatu, na suala la maji ya Mkuzi liko saa ya pili. Kwenye msimbo unaongeza namba ya sekunde ambapo video ianzie, na mwananchi anaangukia papo hapo diwani wake anaposimama. Anayepachika saa tatu nzima bila kuonyesha lolote liko wapi amewaficha watu habari hadharani. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizozinduliwa kwa pamoja mwaka 2017 zilijengwa kwa muundo unaofanana, na nafasi ya video imo. Nafasi hiyo ingetumika kwa vikao, badala ya mapokezi na sherehe za kukata utepe, wananchi wangekuwa na sababu ya kurudi.

Na video zetu zenyewe, tulizozirekodi sisi, zinakaa wapi? Hapa nina kisa cha jirani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema. Uliitwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Walipiga filamu zaidi ya thelathini za mafundisho: akiba ya posta, safura, kahawa, kodi. Waigizaji walikuwa wenyeji. Sauti haikuwemo kwenye utepe wenyewe; ilirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, ili lori likifika mahali, sahani ibadilishwe kufuata lugha ya watazamaji. Lori hilo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likitundika pazia kwenye viwanja vya wazi usiku.

Zilikuwa filamu za kikoloni, zenye mahubiri ya kikoloni, na sizililii kwa mafundisho yake. Lakini nyuso zilizomo ni za watu wa huku, na milima ile ni hii tunayoiona kila asubuhi. Zilizosalia leo ni chache mno, na ziko kwenye hifadhi ya British Film Institute, London. Nyingine zote zimepotea. Mtu wa Korogwe anayetaka kuona babu zake walivyotembea mwaka 1936 anategemea London waamue kufungua. Studio ilikuwa kwetu na waigizaji walikuwa wetu. Walioondoka na makopo ya filamu ndio walioondoka na kumbukumbu.

Sasa tunafanya vivyo hivyo kwa hiari yetu, na kwa furaha. Mzee wa Kibondei anahojiwa kuhusu matambiko, video inapandishwa YouTube, faili asilia inafutwa ili simu ipate nafasi ya kurekodi harusi ya Jumamosi. Watu wanasema ipo mtandaoni. Ipo, lakini si ile uliyoipandisha. YouTube huibana upya, na ukitaka kuipakua tena kutoka kwenye chaneli yako unapewa nakala iliyopungua ubora. Iliyopita WhatsApp ndiyo imekamuliwa zaidi, nyuso zina ukungu, sauti ya marimba imekuwa mikwaruzo.

Wala tusidhani kwamba kupachika kwenyewe kuna umri mrefu. Blogu za mwanzo za Kiswahili, zama zile Ndesanjo Macha anafungua njia na Issa Michuzi anaanza yake mwaka 2005, zilipachika video kwa teknolojia ya Flash. YouTube ilileta msimbo mpya mwaka 2010, na Flash yenyewe ilizikwa rasmi Desemba 31, 2020. Aliyebaki na msimbo wa zamani kwenye kurasa zake za 2007 au 2008 ana mashimo matupu, hata kama video zenyewe bado zipo YouTube. Vine, uliokuwa mtandao wa video fupi kabla ya TikTok, ulifungwa Januari 2017. Oktoba 2020 Facebook na Instagram zikabadilisha utaratibu wa kupachika posti zao, na tovuti nyingi duniani zikajikuta na viungo vitupu pale palipokuwa na picha. Hakuna kati ya hao aliyewauliza watu wa Muheza.

Kwa hiyo, mwenye kurekodi na aweke faili asilia kwenye diski ya nje, na nakala ya pili mahali pengine, nyumba nyingine. Aipe jina linaloeleweka, lenye tarehe, kijiji na tukio, maana faili inayoitwa VID ikifuatiwa na msururu wa tarakimu haitafunguliwa na mtu yeyote baada ya miaka miwili. Aandike pembeni majina ya wanaoonekana, kwa ridhaa yao. Hayo yakishafanyika, apandishe YouTube, apachike kokote atakako, na YouTube ikifunga kesho hatakuwa na msiba.

Kwa ofisi za umma ugumu uko kwingine kabisa. Chaneli nyingi za halmashauri, shule na vituo hufunguliwa na mtumishi mmoja mchangamfu, kwa barua pepe yake binafsi, namba ya kuthibitishia ikiwa ya laini yake. Anahamishwa. Anayekuja hana nywila, anafungua chaneli mpya, na video za miaka minne zinabaki kwenye chaneli isiyo na mwenyewe, zikiwa zimepachikwa kwenye tovuti ambayo hakuna anayeweza kuzisahihisha wala kuzifuta. Mtumishi aliyehama akipoteza laini yake, ndiyo basi tena. Wakati huo huo hati ya makabidhiano ya ofisi imejazwa kwa uangalifu mkubwa: meza mbili, viti vitano, kompyuta moja, printa moja mbovu, funguo za kabati. Mkurugenzi anayetaka kuanza mahali aanze na hati hiyo. Chini ya funguo za kabati kuongezwe mstari wa barua pepe ya chaneli, iwe ya ofisi, na mstari wa mahali diski ya faili asilia ilipo, na wote wawili, anayeondoka na anayeingia, watie saini.